Watu wa Chungu Kimoja

Ofisini kwetu wananiita Desimali. Hawaniiti mbele yangu, lakini kuta za ofisi ile ni nyembamba na masikio yangu ni mazima. Jina lilianza siku niliporudisha madodoso mia mbili kwa sababu mtu mmoja alisogeza nukta, akamfanya mama muuza mboga ale kilo arobaini za sukari kwa wiki. Wakanung'unika. Nikawaambia anayetaka kukosea akakosee kwenye kazi za kwao, si kwenye takwimu za taifa. Ndivyo nilivyo. Miaka kumi na moja nimehakiki kazi za watu na sijawahi kuona haya kumwambia mtu kwamba kaharibu.

Jumatatu hiyo Mkurugenzi aliponiita nilikwenda na furaha zangu, maana kitabu chetu kikubwa kilikuwa tayari. Kwa miaka mitano tulikuwa tunawafuata watu wale wale elfu tisa, nchi nzima, kuona kama uchumi unapokua unawachukua na wao au unawapita tu barabarani. Si jambo gumu kulieleza. Wapange watu wote foleni, kuanzia anayetumia kidogo hadi anayetumia kingi. Ikate foleni mafungu matano yaliyo sawa. Kisha litazame fungu la chini kabisa, la kwanza: limesogea? Limesogea kuliko wengine? Kama ndiyo, ukuaji umewashirikisha wanyonge. Kama siyo, wachache wamekula na wengine wamesikia harufu.

Na lilikuwa limesogea. Matumizi ya fungu la kwanza yalipanda kwa asilimia thelathini na moja, ya nchi nzima kwa ishirini na mbili. Nilizihakiki namba hizo mara nne kwa mkono wangu. Zilipokubali mara ya nne nilikwenda chooni nikalia kidogo, na sioni aibu kusema.

"Keti, mama," Mkurugenzi akasema. Ni mtu mpole, anayekunywa maji ya moto matupu na kuzungumza kama aliye kwenye maktaba. "Uzinduzi ni Ijumaa. Wakubwa wote watakuwepo. Lakini namba peke yake hazipigiwi makofi. Nataka sura. Nitafutie mtu mmoja aliyekuwa fungu la kwanza miaka mitano iliyopita, na leo yuko la tano. Muombe ridhaa, apande jukwaani, aseme mwenyewe maisha yake yalivyobadilika."

Nikarudi mezani nikaiuliza kompyuta. Kati ya watu elfu tisa, aliyetoka chini kabisa akafika juu kabisa alikuwa mmoja tu. Mwanamke, miaka hamsini na nane, mjane. Mwanzo aliishi peke yake katika chumba kimoja, akishona nguo. Sasa yuko kwenye nyumba ya vyumba vinne, maji ya bomba ndani, friji, gari uani. Kwenye kompyuta watu hawana majina, wana namba tu, lakini namba nayo ukiikalia inakuwa mtu. Nikampenda mama yule. Nikamwambia kimoyomoyo, hongera mama, umetoka mbali.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kuna safu inayoonyesha nani alijibu maswali. Moja maana yake mtu kajibu mwenyewe. Mbili maana yake kajibiwa na mwenzake wa nyumbani. Mstari wake mzima wa mwaka jana ulikuwa mbili, mbili, mbili. Maswali sabini na nane, na mama wa watu hakufungua mdomo hata mara moja. Nikasema huyu nitamfuata mwenyewe, nimuulize ana kwa ana, ili Ijumaa tusije tukaumbuka.

Majina na anwani hutunzwa ghorofa ya chini na mwanamume tunayemwita Kufuli. Inasemekana hata mkewe akimuuliza mchana amekula nini, humwomba barua. Nilimpa barua ya Mkurugenzi. Akaisoma mbele, akaigeuza akasoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu, ndipo akafungua kabati la chuma na kutoa daftari. Kidole chake kikashuka kwenye safu, kikasimama. Akaniangalia. Akarudi kwenye daftari, akaniangalia tena.

"Desimali," akasema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo usoni, "hapa ni kwako."

Nikacheka. Nikamwambia mzaha wako leo umechacha. Akaligeuza daftari upande wangu. Mtaa ulikuwa wangu. Namba ya nyumba ilikuwa yangu. Simu ilikuwa ya mume wangu. Na jina lilikuwa la mama yangu mdogo.

Nilisimama pale nimeshika ukingo wa meza ya Kufuli, naye, mtu ambaye hajawahi kumkaribisha yeyote kiti, akanivutia kiti.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Mama alifariki nina miaka tisa, na mama mdogo ndiye aliyenilea kwa cherehani yake. Sare zangu zote alizishona yeye, kuanzia darasa la tatu hadi kidato cha sita. Nilipopata pacha, juu ya binti mkubwa niliyekuwa naye, nilimfuata kwenye kile chumba chake nikamwambia mama mdogo, umefanya kazi vya kutosha, njoo kwangu upumzike. Akaja. Cherehani aliiuza, maana kwangu hapakuwa na mahali pa kuiweka. Hiyo ni miaka minne sasa.

Nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Kufuli, mambo mawili yalinipiga kwa pamoja. La kwanza lilikuwa la kuchekesha: kumbe mimi ni fungu la tano, tajiri, na hakuna aliyeniambia. La pili halikuchekesha. Miaka mitano iliyopita mimi nilikuwa tayari na mshahara na gari, na mama mdogo alikuwa fungu la kwanza, chini kabisa ya nchi. Nilikuwa namtembelea kila baada ya miezi miwili mitatu, na kila mara niliondoka na mayai aliyonifungia kwenye gazeti.

Nikampigia simu mume wangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu.

"Walikuja wadadisi nyumbani?"

"Si nilikwambia? Mwaka jana, ulipokuwa safarini unafundisha wenzao. Binti mmoja mpole. Alisema anamfuatilia mama mdogo."

"Na mama mdogo alikuwa wapi?"

"Jikoni. Anapika."

"Ukamjibia."

"Maswali yalikuwa mengi, mke wangu, na yeye ana kazi. Ningemsumbua wa nini? Nilimjibu yule binti vizuri tu. Kwani kuna nini? Tumekosea?"

Nikamwambia hapana. Jikoni kwetu na sebuleni kwetu ni hatua sita.

Sikungoja jioni. Nilichukua dodoso tupu na majibu yake yote ya nyuma nikaenda nyumbani saa sita mchana, watoto wakiwa shuleni. Nilimkuta mama mdogo anakunja nguo kwenye benchi la jikoni. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nina kazi ndogo na wewe. Nikamweleza kwamba yumo kwenye utafiti wetu, kwamba kaonekana kapanda kuliko watu wote nchini, na kwamba Mkurugenzi anataka kumpandisha jukwaani Ijumaa. Akacheka hadi akaweka shati chini.

"Mimi? Nimepanda wapi, mwanangu?"

"Ndiyo nataka kukuuliza, mama mdogo. Nijibu kama ninavyokuuliza."

"Uliza."

Nilianza na lililo rahisi. Kwenye jibu la mume wangu palikuwa pameandikwa tatu.

"Jana ulikula mara ngapi?"

"Mara moja."

Nikadhani hakulielewa swali. Nikamweleza, chai ya asubuhi inahesabika kama kuna kitafunwa. Akasema anajua, asubuhi alikunywa chai kavu kwa sababu mkate uliishia kwenye sahani za watoto. Mchana alikula. Usiku hakikubaki.

"Hakikubaki vipi?"

Akanionyesha kwa kidevu lile sufuria la umeme nililolinunua mwaka juzi, nikalileta nyumbani kwa majivuno. "Hilo ni la watu watano, mwanangu. Hata kibandiko chake kinasema. Sisi tuko sita. Nikipakua, mara linanifikia, mara halinifikii."

"Kwa nini usipike tena?"

"Ulisema tusipike mara mbili, umeme unakwenda."

Nilisema. Ni kweli nilisema, na nakumbuka nilisema kwa sauti gani. Nikaandika moja mahali pa tatu.

Unalala wapi? Mume wangu alijibu kitandani, chumba cha watoto. Kitanda cha chumba kile ni cha binti yetu, na pacha wana chao. Mama mdogo huvuta godoro la chini watoto wakishalala na kulirudisha kabla hawajaamka. Wageni wakija, hulala stoo. Nyumba hii ni yangu, nimeilipia kila tofali, na sikuwa najua kwamba kuna mtu analala stoo. Nilikuwa naingia chumbani kwangu saa tatu usiku nikifunga mlango, na kukicha mambo yote yako mahali pake.

Una mali gani iliyo yako? Akafikiri. Akasema sanduku. Nilikuwa na karatasi za miaka mitano iliyopita pembeni, zile ambazo alijibu mwenyewe: cherehani moja, kuku watatu, redio, chama cha akina mama kila Alhamisi, milo miwili kwa siku. Palikuwa na swali mwishoni, nani huamua utumie nini, na mdadisi alikuwa ameandika neno kwa neno: mimi, kuna nani mwingine?

"Na sasa nani huamua?"

"Nyinyi," akasema, bila kinyongo chochote, kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Nilitaka kuacha. Nakiri nilitaka kuacha, niseme basi inatosha, nikanawe uso. Lakini nimewafukuza kazi wadadisi kwa kuacha maswali katikati. Nikaendelea na ukurasa wa afya, ambao mume wangu aliujibu kwa mstari mmoja tu, kwamba hajawahi kumwona mama mdogo akiumwa.

"Unapata shida yoyote kuona?"

"Hili la kushoto limezima."

"Limezima lini?"

"Tangu mwaka jana. Lilianza kwa ukungu pembeni, ukasogea, ukasogea, hadi likafunga. Hili la kulia nalo limeanza pembeni, lakini bado."

Nilimtazama usoni, na naapa ndiyo mara ya kwanza nilimtazama kwa mwaka mzima. Alikuwa ameinamisha kichwa upande ili jicho zima linielekee. Amekuwa akiinamisha kichwa hivyo kila siku, mezani kwangu, mbele ya macho yangu. Wiki mbili kabla alimwaga chai juu ya magoti ya mgeni wangu, nami nikamwambia mbele za watu, mama mdogo, jaribu basi kuwa makini.

"Kwa nini hukusema?" Sauti iliyonitoka sikuijua.

"Nikwambie saa ngapi? Ukirudi umechoka."

Dodoso lina namba za sababu za kutokwenda hospitali: mbali, gharama, hakuna dawa, sikuona umuhimu. Nilizipitia zote. Hakukuwa na namba ya hiyo. Dodoso hilo nililitunga mimi.

Mume wangu aliporudi nilimweleza. Akasema, "Lakini tunampenda." Nikamwambia najua tunampenda, na hilo ndilo linalonitisha. Usiku huo alinunuliwa kitanda, nami nikanunua sufuria jingine, na sisemi haya ili nisifiwe. Mtu aliyeamka kwa kuchomwa moto hasifiwi kwa kuamka.

Jumanne nilimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari alimwangalia muda mrefu kwa taa yake, akanivuta pembeni. Ni presha ya macho. La kushoto limekwenda na halirudi. La kulia litaokolewa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yake yote. "Mlikuwa mnangoja nini?" akaniuliza. "Angekuja mwaka mmoja nyuma, yote mawili yangekuwepo." Aliandika cheti. Mama mdogo alinishika mkono tulipokuwa tunatoka, akaniambia nisilie mbele za watu, kwamba jicho moja linamtosha kuona yaliyobaki.

Kesho yake alfajiri nilikuwa ofisini. Nilichukua chungu chetu nikatoa sahani yake peke yake, nikakokotoa upya kile anachokula yeye, anachovaa yeye, anachotumia yeye. Kwa hesabu ya awali jumla ya nyumba iligawanywa kwa sita, kila mtu sawa, mimi na mume wangu na watoto na yeye. Ndivyo tunavyofanya dunia nzima, tunasema kaya ni watu wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja, halafu tunagawa. Kwa hesabu yangu mpya mama mdogo alitoka fungu la tano akarudi fungu la kwanza, na ndani ya fungu la kwanza alikuwa chini kuliko pale alipokuwa na cherehani yake.

Kisha nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya tangu mwanzo. Watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wametoka fungu la kwanza na kupanda. Nikauliza wamepandaje. Mia moja themanini na saba walikuwa hawajapanda popote. Walihama. Walikuwa wajane waliochukuliwa na watoto wao, mashangazi, wazazi wazee, wasichana wa kazi. Waliingia katika chungu cha mtu mwingine, na sisi tukawagawia kwa kalamu chakula ambacho hakuna aliyewapakulia. Mia moja sabini na mmoja kati yao walijibiwa na wenye nyumba. Nilipowaondoa, ile asilimia thelathini na moja niliyoililia chooni ikawa tisa. Tisa, dhidi ya ishirini na mbili. Nchi ilikuwa imewapita barabarani, nasi tulikuwa tumeandika kwamba imewapa lifti.

Mkurugenzi alinisikiliza hadi mwisho. Maji yake ya moto yalipoa.

"Kaya ni chungu kimoja," akasema. "Ndiyo kanuni. Umeifundisha wewe mwenyewe miaka kumi na moja."

"Kanuni inahesabu vyungu, bosi. Haihesabu sahani."

"Sasa ulitaka tuingie kila nyumba tupime sahani ya kila mtu?"

"Ndiyo."

Akavua miwani. "Vitabu viko mtamboni. Na ushahidi wako ni nini? Mama yako mdogo, nyumbani kwako, dodoso umejaza wewe. Kesho mtu akiniuliza, nitasema nini? Kwamba mhakiki wangu alijihoji mwenyewe?"

Alikuwa na haki, na hilo liliniuma. Ningemrudishia mtu yeyote dodoso la namna hiyo.

"Nipe mdadisi ambaye si ndugu yangu," nikasema. "Amuulize mama mdogo, peke yake, maswali yale yale."

Akafikiri. Si mtu mbaya, nimeshasema. "Haya. Alhamisi mchana. Akimjibu mdadisi kama alivyokujibu wewe, nasimamisha kitabu na tunarudi nyumba zote mia moja themanini na saba. Asipomjibu hivyo, kinatoka kama kilivyo, na sitaki kulisikia tena."

Niliondoka pale nikijiona nimeshinda. Mama mdogo hajawahi kusema uongo maishani mwake. Aliwahi kurudi nusu saa kwa miguu kumrudishia mteja vifungo vitatu vilivyobaki.

Kumfundisha mhojiwa majibu ni kosa, kwa hiyo sikumfundisha. Jumatano jioni nilimwambia tu, "Kesho atakuja mwenzetu mmoja kukuuliza yale yale. Watu wengi wanakutegemea, mama mdogo, watu wasioulizwa. Sema tu ukweli."

"Nitasema, mwanangu," akaniambia.

Mdadisi alifika Alhamisi saa nane, binti mrefu mwenye kishikwambi, kazi yake naijua, haachi swali. Akamwamkia mama mdogo shikamoo, akaniomba kwa adabu nitoke, maana mahojiano ni ya faragha. Nikatoka nikasimama koridoni nyuma ya mlango. Mtu mzima na cheo changu, nikitega sikio nyumbani kwangu.

"Mama, jana ulikula mara ngapi?"

"Mara tatu."

Nikadhani anahesabu vizuri, maana tangu Jumatatu ni kweli alikuwa anakula. Lakini binti aliijua kazi yake. "Na kwa kawaida, kabla ya wiki hii? Tuseme mwezi uliopita?"

"Tatu. Hapa chakula hakina shida."

Nikasogea karibu zaidi na mlango.

"Unalala wapi, mama?"

"Kitandani. Chumba kizuri, nikuonyeshe?"

"Mwezi uliopita pia?"

"Tangu nije."

"Nani huamua utumie nini?"

"Tunaelewana tu humu ndani. Mwanangu huyu hanifichi kitu."

Aliyasema yote kwa sauti ile ile aliyonijibia mimi kweli, taratibu, bila kukwama. Sikuweza kuamini masikio yangu. Nilijiambia nisubiri, lifike la jicho, jicho halifichiki.

"Na macho, mama? Unapata shida yoyote kuona?"

"Hapana, mwanangu. Naona vizuri."

Nilifungua mlango. Nilijua navunja kanuni, nikaufungua hivyo hivyo. Nikamwambia binti kwamba jicho la kushoto halioni, daktari kathibitisha juzi, cheti kiko kwenye droo, asogeze kiganja upande ule aone kama litapepesa. Mama mdogo alikuwa amekaa wima kwenye kiti, amevaa nguo yake ya kutokea, mikono imepakatwa. Hakunitazama.

Binti alisimama kwa heshima, kishikwambi kifuani. "Samahani, bosi. Mhojiwa akiwepo na akijibu mwenyewe, la mtu mwingine halipokelewi. Hata kama lina cheti. Ni wewe uliyetufundisha." Akamgeukia. "Mama, niandike nini?"

"Mwanangu ana wasiwasi mwingi, kazi zimemzidi," mama mdogo akasema. "Andika hapana."

Akaandika. Kwenye safu ya nani alijibu aliweka moja, mbele yangu, kwenye maswali yote sabini na nane. Mstari ule uliokuwa na doa sasa ulikuwa safi. Akabonyeza, majibu yakaenda, akatuaga kwa adabu. Nilimsindikiza hadi getini kwa sababu miguu ilikwenda yenyewe.

Nilirudi nikamkuta mama mdogo yuko pale pale kitini. Nikapiga magoti mbele yake, upande wa kulia ili anione. Nikamuuliza kwa nini. Nikamwambia wako watu mia moja themanini na saba, mama mdogo, na kesho kitabu kinatoka kinasema wameshiba. Nikamwambia mbona mimi ulinijibu.

"Wewe ni mwanangu. Uliniuliza, nikakwambia." Akanifuta uso kwa kiganja. "Yule ni mtoto wa watu. Nikimwambia nina njaa, swali la pili atauliza naishi kwa nani. Na jina litakalofuata hapo ni la kwako."